Mpaka wa Lugha U Wapi?

Mpaka wa shamba huonekana kwa macho. Mpaka wa lugha hauonekani hivyo. Na tuwatazame Wagbeya, wakaao Bossangoa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jirani zao Wasuma husema karibu sawa nao. Upande wa mashariki wako Wamanza. Upande wa magharibi, hata Kameruni, wako Wagbaya wengine. Na kusini, ng'ambo ya mto Ubangi, katika Kongo, wako Wangbaka. Wote ni wa ukoo mmoja wa lugha. Mtu na jirani yake huelewana upesi, lakini watokao pande zilizo mbali huhitaji mkalimani. Basi ni nani awezaye kusema, "Hapa ndipo lugha hii inapokoma"?

Kigbeya kina utajiri wake. Neno hubadilika maana kwa sauti kupanda au kushuka. Tena kina maneno mengi sana ya kuchora jinsi jambo lilivyo, kama sisi tusemavyo "nyeupe pe" na "kimya ji". William Samarin alitoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1966. Na katika lugha za Kigbaya, "kongo-wara", maana yake mpini wa jembe, limekuwa jina la vita vya 1928 hadi 1931, watu walipokataa kazi za shuruti za Wafaransa. Neno la shambani likaingia katika historia.

Leo Kisango, kilichotoka katika Kingbandi, huwaunganisha watu wa nchi ile, na tangu 1991 ni lugha ya serikali pamoja na Kifaransa. Jambo hilo ni jema. Hata sisi, Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili cha vitabu, tulipata kusomana toka pwani hata bara. Lakini Kimvita, chenye mashairi mazuri ya zamani, hakikuwa kibovu kwa sababu hakikuchaguliwa.

Kwa hiyo sisi tulio walimu, yatupasa kufundisha lugha ya vitabu kwa bidii, wala tusiruhusu darasa limcheke mtoto asemaye neno la kwao. Mtoto achekwaye hunyamaza, na neno lake hunyamaza pamoja naye. Afadhali tumwulize maana yake, tuliandike ubaoni, na jioni akamwulize bibi yake mengine. Wazee wakiisha kwenda zao, hatutakuwa na wa kumwuliza.