Dawa Niliyoiogopa Ndiyo Iliyomsaidia Mwanangu

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi na VVU. Natoa ushuhuda huu kwa wazazi ambao wakisikia mtoto anapewa steroidi, moyo unawapasuka.

Mimba ya mwanangu wa pili ilipokuwa changa, nilipima kliniki nikaambiwa sina maambukizi. Mtoto alipofika miezi minne akaanza kuhema. Homa haikuwa kali, kikohozi kilikuwa kikavu, lakini alipumua zaidi ya mara 50 kwa dakika na chini ya mbavu pakawa panabonyea. Oksijeni mwilini ilikuwa chini ya asilimia 90. Hospitalini aliwekewa oksijeni, akaanzishiwa sindano za ampisilini na jentamisini, tiba ya kawaida ya nimonia kali. Nikapimwa upya, na damu ya mtoto ikapelekwa maabara. Sote wawili tulikuwa na VVU.

Daktari akaongeza Septrin ya dozi kubwa, na prednisoloni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya pili nilishasikia kwamba hushusha kinga. Nikamuuliza: “Daktari, kinga yenyewe imeshaliwa na virusi. Mbona mnazidi kuishusha?”

Akavuta kiti, akaketi. Akanieleza kuwa watoto wenye VVU, hasa wa miezi mitatu hadi sita, hushambuliwa mapafuni na kuvu aitwaye Pneumocystis. Septrin humuua. Tatizo ni kwamba kuvu wakifa kwa wingi, mwili huyavamia mabaki yao, mapafu yakavimba, na mtoto akazidiwa wakati dawa ndiyo kwanza inafanya kazi. Prednisoloni hutuliza uvimbe huo. Hutolewa kwa muda mfupi, na dozi hupunguzwa kidogo kidogo.

“Peke yake haimponyi, mama,” alisema. “Inamsaidia apumue wakati Septrin inapigana.”

Septrin iliendelea kwa wiki tatu, na ARV zikaanzishwa. Leo mwanangu anasoma, na mpira haumtoki miguuni.

Zamani nilipokea dawa kimya kimya, nikaondoka na woga wangu. Siku hizi ni mwelimishaji rika, na kina mama nawaambia mambo matatu. Kupima mara moja mwanzo wa mimba hakutoshi. Rudieni baadaye, na pia mnaponyonyesha. Mtoto wa mama mwenye VVU aanze Septrin ya kinga akiwa na wiki nne hadi sita, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Na prednisoloni isinunuliwe dukani kwa sababu mtoto wa jirani ilimfaa. Mtoto huyo huenda ana pumu, ambayo dawa hii huituliza kweli. Nimonia ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, na mtoto huongezewa oksijeni inapopungua mwilini.

Kisha nawafundisha swali la kumuuliza daktari kwa kila dawa: hii inaua ugonjwa, au inatuliza mwili? Mzazi akishajibiwa hilo, hataikataa tiba kwa woga, wala hataitoa nyumbani kwa kubahatisha.