Kompresa: Hesabu Upepo, Si Farasi

Minneapolis, Minnesota

Mdogo wangu,

Baridi huku imeanza kubisha hodi, na kila mwenye gereji yuko mbioni kumaliza kazi zake kabla vidole havijafa ganzi.

Umeniomba ninunue kompresa mbili za aina moja, moja ibaki kwangu na nyingine niipakie kwenye kontena ije Dar. Yangu nitanunua. Ya kwako sitaituma, ila hela yake nitaituma, na nataka uelewe sababu tangu mwanzo ili usije ukadhani kaka yako ameingiwa na uchoyo.

Nikueleze kwanza kwa nini mtu wa huku, ambaye si fundi wa kulipwa, anahangaika na mashine ya upepo nyumbani. Nyumba nyingi huku zina gereji iliyoshikana na nyumba yenyewe, na upande mmoja wake hugeuka karakana. Saa moja ya fundi wa magari inazidi dola 100, vipuri mbali. Kwa hiyo watu wanabadilisha breki wenyewe, wanabadilisha oili wenyewe, na Novemba ikifika wengi wanatoa matairi ya kiangazi na kufunga ya theluji. Halafu kuna chumvi. Theluji ikianguka, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula vyuma vya chini ya gari. Nati ya gari la miaka saba utaikuta imeshikana na bolti kama imechomelewa. Unaning'inia kwenye spana kwa uzito wako wote na haitikisiki. Hapo ndipo mtu anapoanza kuwaza upepo.

Sasa ingia dukani. Mitungi imepangwa, myekundu na myeusi, na kila mmoja una kibandiko kikubwa kinachotangaza nguvu za farasi. Utakuta mashine ya umeme wa kawaida wa ukutani inayodai farasi sita. Fanya hesabu nami. Soketi ya kawaida ya huku ni volti 120, na saketi yake inabeba ampea 15. Zidisha: wati 1,800. Farasi mmoja ni wati 746. Umeme wote ambao soketi ile inaweza kutoa haufiki hata farasi wawili na nusu, na hapo sijatoa joto linalopotelea ndani ya mota. Wale farasi sita ni nguvu ya kilele, ambayo mota haiwezi kuishikilia ikiwa kazini. Inaniudhi kuona mtu aliyedunduliza hela zake akichaguliwa mashine na namba ya namna hiyo.

Namba ya kutafuta huwa imeandikwa ndogo, pembeni: CFM kwa shinikizo la PSI 90. Yaani futi ngapi za ujazo za hewa mashine inatoa kila dakika, huku ikisukuma kwa nguvu ambayo vifaa vingi vya upepo vinahitaji. Kwa vipimo vyetu, futi moja ya ujazo ni lita 28 na kidogo, na PSI 90 ni baa 6.2. Ukiishika namba hiyo, mengine yote yanajipanga nyuma yake.

Kujaza tairi hakuhitaji upepo mwingi, kunahitaji subira tu. Bunduki ya misumari inakunywa kidogo kila unapofyatua. Mashine ya kufungulia nati ya nusu inchi inataka futi nne au tano kwa dakika, lakini inafanya kazi kwa vipindi, unafungua nati moja unahamia nyingine, na mtungi unapata muda wa kujaa. Balaa liko kwenye kupiga msasa na kupuliza rangi. Kifaa cha msasa cha kuzunguka kinaweza kula futi kumi kila dakika, mfululizo, bila kupumzika, na bunduki nyingi za rangi ziko humo humo. Mashine ndogo ya mtungi wa galoni sita, ile inayopendwa na maseremala, inatoa futi mbili na nusu hivi. Nusu dakika tu na msasa wako umelegea.

Watu husema, basi nunua mtungi mkubwa. Mtungi ni ghala, hauzalishi kitu. Mtungi wa galoni 60, sawa na lita 227, ukishuka kutoka PSI 150 hadi 90 umekupa futi 33 hivi za hewa ya kawaida. Msasa wa futi kumi unazimaliza kwa dakika tatu na sekunde kidogo. Baada ya hapo unategemea pampu peke yake, na kama pampu ni dhaifu, ukubwa wa mtungi umekuongezea muda wa kusubiri ujae tena.

Mimi nimeamua kuchukua mashine ya galoni 20, ya mkanda, pampu yake inatumia oili, futi tano kwa PSI 90. Ile ya galoni 60 ningeipenda, sikufichi. Lakini inataka volti 240 na saketi yake peke yake, fundi umeme na kibali cha manispaa, na mimi sipaki magari rangi. Nati zangu nitazifungua kwa mashine ya betri, maana za siku hizi zina nguvu kuliko nilivyotarajia, na msasa wangu ni wa umeme. Nimechagua pampu ya oili kwa sababu ya masikio: zile zisizo na oili, hasa za bei nafuu, zinapiga kelele kali ndani ya gereji iliyofungwa, na upande wa pili wa ukuta ni chumba cha watoto.

Oili nayo ina mambo yake huku. Gereji isiyo na joto Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri kwa mbali. Oili inakuwa nzito, mota inashindwa kuizungusha pampu, inavuta umeme mwingi, na swichi ya ubao wa umeme inakatika. Dawa ni oili ya sintetiki inayoruhusiwa na mtengenezaji, na kuwasha hita kabla ya kuwasha mashine.

Na maji, mdogo wangu. Hewa ina unyevu. Ukiibana kisha ikapoa, unyevu unageuka maji na kutulia chini ya mtungi. Fungua ile vali ndogo ya chini baada ya siku ya kazi wakati wa joto: yanatoka maji ya rangi ya kutu, yenye harufu ya chuma. Maji hayo yasipotolewa, mtungi unaliwa kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Huku yanaweza hata kuganda kwenye vali yenyewe. Mtungi ulioliwa na kutu hauchomelewi. Nasema hivi kwa sababu najua kwetu mtu ataleta mashine ya kuchomelea na kiraka. Mtungi huo unatupwa. Vivyo hivyo mabomba ya plastiki ya maji: yasipitishiwe upepo ukutani hata kama ni rahisi. OSHA, wakala wa usalama kazini wa huku, ulitoa onyo kuhusu mabomba hayo ya PVC tangu 1988, kwa kuwa yakipasuka yanarusha vipande kama vya kioo. Tumia bomba la chuma, la shaba, au mpira wa upepo wenyewe.

Sasa ile ya kontena. Mashine ninayonunua ni ya volti 120, kwetu ni 230. Utasema tutaweka transfoma. Transfoma itashusha volti, haitagusa mizunguko: umeme wa huku ni mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu 50. Mota ya namna hii itazunguka pungufu kwa moja ya sita, upepo utapungua kwa kiasi hicho hicho, na mota itachemka kuliko ilivyoundwa. Isitoshe, inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara tano au zaidi ya inaotumia ikishakolea, kwa hiyo transfoma hiyo iwe kubwa kweli. Ikiharibika, mkanda na vali zake utazitafuta wapi? Wauza vipuri wa Gerezani, Dar, wanazijua mashine za volti 230.

Wewe pale gereji yako una fundi bodi, anapiga msasa na kupuliza rangi kutwa. Unahitaji upepo kuliko mimi. Kama unaweza kuvutiwa umeme wa njia tatu, chukua ya mkanda yenye mota ya njia tatu. Kama ni njia moja tu, nunua pampu kubwa kadiri waya zako zinavyoruhusu, na rangi ifanywe na bunduki inayokunywa kidogo. Ukiwa dukani uliza hewa inayotoka, maana vibandiko vingi vinaandika lita zinazoingia kwenye pampu, na zinazotoka huwa pungufu kwa robo au zaidi. Vuta pete ya vali ya usalama uone kama inafunguka na kurudi. Ya mtumba, fungua vali ya chini kwanza uone kinachotoka.

Usilipe chochote bado. Nipigie picha ya kibandiko cha mota, kibandiko cha pampu, na ubao wa umeme pale gereji ukiwa wazi. Nikishaziona tutazungumza bei Jumamosi jioni ya kwenu, na hela nitaituma kwa simu.

Kaka yako