Sehemu Moja katika Kumi na Nane

Watu wanaoniuliza kazi yangu, nikawajibu kuwa nageuza na kuunda upya vigari vidogo vya kuwekwa kabatini, hunitazama kwa huruma na kuniona mzee aliyerudia utoto. Nami, kwa kuwa kazi hii ndiyo iliyonilisha tangu nilipoacha karakana kubwa, na ndiyo iliyolipa karo ya wanangu wawili wa mwisho, sina sababu ya kuudhika, ila naona ni haki niieleze, maana ndani yake mna hukumu nyingi zaidi kuliko zile nilizozitoa nilipokuwa nikipiga rangi magari ya kupandwa na watu.

Nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, kwenye nyumba tuliyokaa pamoja na ami yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kujalidi misahafu na vitabu vya chuoni, na mbele yake nilijifunza, kabla sijajua kushika msasa, namna ya kukwangua ngozi ya mbuzi kwa kisu kipana, upande wa nyama, mpaka ikakubali kukunjwa pembeni mwa jalada bila ya kuvimba. Elimu hiyo sikuiona kuwa na faida nilipopelekwa Shimanzi kwa fundi mmoja mkali kujifunza kunyoosha bodi na kupiga rangi, wala haikunijia akilini katika miaka ya sabini, nilipowafuata jamaa zangu Maskati, kama walivyofanya watu wengi wa pwani wenye nasaba ya huko, nikaajiriwa katika karakana iliyohudumia magari ya wakubwa.

Huko ndiko nilikoijua Mercedes-Benz 600. Gari hilo lilionyeshwa kwanza Frankfurt mwaka 1963, likaendelea kuundwa mpaka 1981, na kwa muda wote huo hayakufika 2,700, kwa sababu bei yake ilikuwa ya kutisha na kila moja lilitengenezwa kwa matakwa ya aliyeliagiza. Rais Tito wa Yugoslavia alikuwa nalo. Papa Paulo wa Sita aliundiwa lake mwaka 1965, lenye paa la kukunjwa nyuma na kiti kimoja cha enzi. Injini yake ilikuwa ya silinda 8 na ujazo wa lita 6.3, lakini si injini iliyonishangaza mimi, maana injini kubwa nilikwisha kuziona katika malori. Kilichonishangaza ni kwamba vioo vya milango, viti, na hata kifuniko cha buti, havikuendeshwa kwa mota za umeme, bali kwa mafuta yenye mkandamizo mkubwa yaliyopita katika mabomba membamba ndani ya bodi, hata ukibonyeza kitufe kioo hupanda bila ya kutoa sauti yoyote, na mtu asiyekuwa na hadhari akaacha kidole chake hapo, basi shauri yake.

Gari hilo lilikuwa la namna mbili kubwa: fupi, lenye urefu wa mita 5.54, ambalo mwenyewe aweza kuliendesha. Na refu, liitwalo Pullman, lenye mita 6.24, ambalo mwenyewe hukaa nyuma na mbele yake wageni wake wakamwelekea. Baina ya gurudumu la mbele na la nyuma, Pullman limezidi kwa milimita 700 kamili. Msomaji aiweke hesabu hiyo, maana tutairudia.

Rangi za wakati ule zilikuwa na sumu, na vitambaa tulivyofungwa puani havikuzuia chochote. Kifua changu kikaanza kukoroma usiku, na tabibu akaniambia waziwazi nichague baina ya bunduki ya rangi na umri wangu. Nikarudi Mombasa na akiba yangu, na bila ya mpango wowote nikapokea kazi ya kwanza ya udogo: mtu mmoja aliniletea kigari cha Corgi, kile kile cha 600 Pullman kilichotolewa Uingereza mwaka 1964, ambacho waipa zake za kioo cha mbele zilikuwa zikienda kweli, akataka nikirudishie sura aliyoijua alipokuwa mtoto. Nilikirudisha. Akawaambia wenzake, na wenzake wakawa na makabati yao.

Miongoni mwa kazi zote zilizofuata, iliyonifunza zaidi ni ile ya mfanyabiashara mmoja wa Nyali, aliyekuwa na kigari cha 600 fupi, cha kadiri ya sehemu moja katika 18, akitaka nikigeuze kiwe Pullman la milango minne, jeusi, lenye ngozi ya rangi ya maziwa. Kwa yule asiyejua, hiyo ni kazi ya kukata na kuunga tu: milimita 700 ukizigawa kwa 18 hupata 38.9, basi ukate bodi katikati, utie kipande, ufunike. Nami nilianza hivyo hivyo, kwa msumeno mwembamba wa sonara, baada ya kuibambua rangi yote ya kiwandani. Na sababu ya kuibambua nitaisema, maana hapo ndipo sanaa yenyewe inapoanzia.

Rangi ya gari la kweli, tabaka zote pamoja, aghalabu unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiuweka unene huo huo juu ya kigari cha kadiri hiyo, ni sawa na kulipiga gari la kweli rangi yenye unene wa karibu milimita 2, ambayo itajaza mianya ya milango, izime makali ya mistari ya ubavuni na kuifanya bodi ionekane imeyeyuka. Kwa hiyo rangi ya kigari haina budi kuwa nyembamba kadiri iwezekanavyo, na kila kilichopo chini yake kitaonekana, kila mkwaruzo na kila tundu la sindano. Na mtu aliyezoea, kama mimi, kuficha aibu za bodi kwa fila na tabaka tatu za rangi, hana pa kujificha tena.

Bodi yenyewe ni madini ya zinki yaliyomiminwa katika kalibu, hayapindi wala hayakubali nyundo. Nilikata nyuma ya milango ya mbele, kwa sababu katika Pullman la milango minne urefu ulioongezwa umekaa baina ya mlango wa mbele na wa nyuma, ukiwa na dirisha lake lisilofunguka. Nikavilaza vipande viwili juu ya kioo kinene cha meza, maana kioo hakidanganyi usawa, nikaviunga kwa vipande vya shaba ya njano na gundi ya kuchanganywa, nikaviacha usiku kucha. Chini ya sakafu nikarefusha propela shafti na bomba la moshi pia. Mteja aliniuliza kuna haja gani, ilhali hakuna atakayekipindua. Nikamwambia kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayekipindua, siku ile ile ya kwanza. Naye alikipindua.

Ngozi ndiyo iliyonirudisha kwa ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ngozi ya viti vya kweli ukiikata ukaitia ndani ya kigari, vinyweleo vyake huwa vitundu vya kutisha na mikunjo yake haikai. Ikanibidi nichukue ngozi laini ya mbuzi, niikwangue kama nilivyofunzwa, na kuisugua kwa msasa wa maji mpaka uso wake ukapoteza chembe zake zote. Mbao za ndani sikuzitia mbao kabisa, kwa kuwa nyuzi za mti hazipungui kwa amri ya fundi. Nilizichora kwa brashi juu ya karatasi, nikazipaka vanishi. Mteja alitaka pia vioo vipande na kushuka kwa mota ndogo, nikakataa katakata, maana sifa ya vioo vya gari lile ilikuwa ni kimya chake, na mota ile ingevuma kabatini mithili ya mbu.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya rangi.

“Fundi, hii si nyeusi,” alisema alipokuja kukitazama. “Hii imepauka. Gari lile lilikuwa jeusi tititi.”

Nikamuuliza, alipoliona alisimama umbali gani. Kigari hiki tunakitazama kwa umbali wa nusu mita, na nusu mita hiyo, kwa kadiri yake, ni mita 9 za gari la kweli; na kitu chochote kikiwa mbali, hewa na mwanga hukipunguzia ukali, hata weusi ukaacha kuwa weusi wa chupani. Ndiyo sababu nilitia ndani ya rangi nyeusi tone la nyeupe na chembe ya buluu. Nikimpakia nyeusi tupu, atapata mwanasesere mwenye kung’aa. Hakukinai. Akasema atamleta mzee mmoja, jamaa wa mkewe, aliyekuwa dereva huko Ghuba na kuliendesha gari hilo hilo.

Mzee akaja baada ya sala ya alasiri. Hakuuliza bei wala urefu; aliinama, akachungulia kwanza kiti cha dereva, kisha kioo kinachowatenga walio mbele na walio nyuma.

“Hiki wakikipandisha, nilikuwa najua kuna maneno,” alisema.

“Na rangi, mzee?” akauliza mteja, ambaye hakuwa na hamu ya hadithi.

“Mimi nilikuwa nikilipangusa kila asubuhi, mwanangu. Ukilisogelea na kitambaa ni jeusi. Ukirudi nyuma kutazama kama umeacha alama, ni hivi.”

Mteja akalipa, na papo hapo akataka cha pili, cha milango sita na paa la kukunjwa. Nikamwambia kuwa paa lile pekee ni kazi ya miezi, na kwamba nusu ya fedha hutangulia kabla msumeno haujagusa bodi. Alilipa robo. Kigari kimo ndani ya sanduku lake hadi leo, hakijakatwa, nami namngoja.