Kulifua na Kulitunza Shanta

Sisi tukaao chini ya mlima Kilimanjaro, upande wa Marangu, twaona kila mwaka vijana wetu wengi wakipanda mlimani pamoja na wageni. Mzigo wa mgeni huchukuliwa kichwani, nao kwa amri ya hifadhi haupasi kuzidi kilo 20. Lakini mgongoni kijana huwa na shanta lake mwenyewe, na humo ndimo zilimo nguo zake za usiku na mfuko wake wa kulalia. Wengine hulinunua likiwa kuukuu, wengine hupewa na mgeni aliyeridhika na kazi yao. Basi twapenda kuandika habari za chombo hiki, maana twaona kuwa hutunzwa kidogo kuliko jembe, na hali mara nyingine uzima wa mtu humtegemea.

Mwaka jana kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu, alituonyesha shanta lake. Kwa nje lilipendeza, bali ndani lilinata kama ulimbo, na utando wake ukabanduka kama gamba la nyoka. Lilikuwa limelala pembeni mwa nyumba, bichi, tangu masika. Alipopanda nalo, mvua ya msituni ilipenya. Akafika Horombo, penye mita 3,700 na zaidi, hana hata shati moja kavu. Usiku ule alishikwa na baridi sana, na asubuhi akateremshwa. Akakosa ujira wa siku zilizosalia, akaugua kifua majuma mawili. Twamshukuru Mungu kwamba alipona.

Tuulize basi, shanta huharibiwa na nini? Adui zake ni wanne. Wa kwanza ni unyevu: huotesha kuvu, nao huuvunja kidogo kidogo ule utando wa ndani uzuiao maji. Wa pili ni jasho: likikauka huacha chumvi, nayo chumvi hukwaruza nyuzi za mikanda, tena huwaita panya waje kutafuna. Wa tatu ni vumbi: kutoka Horombo hata kituo cha Kibo, penye mita 4,700 hivi, njia ni ya mchanga mwembamba wa volkano, nao huingia katika meno ya zipu ukayala kama tupa ilavyo chuma. Wa nne ni jua kali, maana nailoni ikianikwa juani siku nyingi hupoteza nguvu zake, ingawa kwa macho yaonekana nzima.

Sasa twaeleza namna ya kulifua. Toa vitu vyote, ufungue kila mfuko, ulipindue na kulikung'uta nje ya nyumba. Usiache hata punje ya mkate. Kama lina vyuma au ubao wa mgongoni uwezao kutolewa, vitoe. Chukua mswaki uliochakaa, usugue meno ya zipu yakiwa makavu, kwa maana vumbi likilowa huwa tope. Kisha tia maji ya baridi au ya uvuguvugu katika karai, pamoja na sabuni laini kidogo. Usitumie sabuni ya unga iliyo kali, wala dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sugua polepole kwa kitambaa au brashi laini, ukikaza zaidi penye mikanda ya mabega na mahali pagusapo mgongo, maana ndipo jasho lilipo. Usilipige juu ya jiwe, usilikamue kama shuka, wala usilitie katika mashine ya kufulia. Suuza mara mbili au tatu, mpaka povu liishe kabisa.

Ulitundike kichwa chini, zipu zote wazi, kivulini penye upepo. Hapo vijana hutuambia, "Mwalimu, jua hukausha upesi." Ni kweli, lakini haraka hiyo hulipwa baadaye. Liache siku mbili, hata tatu wakati wa mawingu. Tia mkono ndani ya pembe za chini, maana huko ndiko unyevu ujifichako. Likiisha kukauka, pitisha mshumaa juu ya meno ya zipu, ufute nta iliyozidi. Kagua mishono na bizimu. Uzi mmoja ukiwa umeachia, shona siku ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wakati wa masika, miezi ya Machi hata Mei, kazi hupungua na shanta hukaa bure. Hapo ndipo liharibikapo zaidi. Lisiwekwe sakafuni, wala karibu na moto wa jikoni. Litundikwe ukutani, tupu, mahali pakavu, na mara kwa mara lifunguliwe lipate hewa.

Wengine husema, "Shanta ni la kazi, si la kuvaa kanisani, kulifua kwa nini?" Twawajibu kwamba hatulifui lipate kusifiwa, bali lisitutupe mlimani. Wengine tena humwachia mama kazi hiyo, naye hulifua kwa bidii kama afuavyo magunia, na hivyo utando hutoka. Alibebaye ndiye ajuaye mshono upi umelegea. Basi na alifue yeye.

Twakumbuka habari za Daudi, jinsi alivyochukua mawe matano laini katika mfuko wake wa kichungaji alipomwendea Goliathi. Watu husifu kombeo, na ni haki. Lakini kama mfuko ule ungalikuwa umetoboka, mawe yangalianguka njiani. Ninyi vijana mpandao, chunguzeni mifuko yenu kabla ya safari. Nanyi wazazi, mtoto akirudi kutoka mlimani, mpeni chakula, apumzike. Kesho yake mwulizeni kama ameliosha shanta lake.