Sikio Kabla ya Vidole

Kinyundo cha piano kikishagonga nyuzi, mpigaji hana tena mamlaka juu ya sauti hiyo isipokuwa kuikata. Mpuliza zumari huikuza kwa pumzi, mpiga fidla kwa upinde. Mpiga piano hubaki kuisikiliza ikififia. Kwa hiyo hisia katika ala hii hazikai ndani ya noti moja moja bali baina ya noti: ya pili iguswe kwa uzito gani ikilinganishwa na mabaki ya ile ya kwanza, na icheleweshwe kiasi gani. Kipimo cha hayo ni sikio.

Sikio hilo halipati nafasi katika nyumba nyingi za Waswahili wa Birmingham. Piano ya sebuleni ni ya umeme, na mtoto huipiga akiwa amevaa vipokea sauti vya masikioni, ili majirani wa ukuta wa pili wasisumbuke. Asipofika Symphony Hall, ukumbi uliofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1991, huenda asijue kwamba sauti ya piano huendelea kutembea hewani baada ya mpigaji kuinua mikono. Wazazi nao, ambao wengi wao walivuka bahari kufuata vyeti, huuliza daraja. Katika mtihani wa vitendo wa bodi ya ABRSM, usikivu hupewa alama 18 kati ya 150. Tangu mwaka 2020 ipo njia nyingine isiyo na sehemu hiyo kabisa. Mtoto aweza kupanda madaraja akiwa na vidole vyepesi na sikio lililolala.

Mwalimu mmoja jijini humo, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Alipiga kipande cha kwanza cha albamu ya vijana ambayo Schumann aliitunga mwaka 1848. Noti zote zilikuwa sahihi, naye alizipitia kama anayesoma orodha ya bidhaa dukani. Mwalimu akafunga kifuniko.

“Baba amekuja,” akasema. Kisha: “Baba amekuja?”

Maneno ni yaleyale, wala hakuna kiambishi kilichoongezwa. Akamwuliza tofauti iko wapi. Msichana akacheka: ya pili inapanda, tena inangoja.

“Haya, mwanangu, nitafutie humu Schumann anauliza wapi.”

Wiki nzima msichana alirudia mistari miwili tu, bila vipokea sauti, akijirekodi kwa simu ya mama yake na kujisikiliza. Kila mzunguko ulikuwa na kazi moja: leo miisho ya sentensi, kesho mkono wa kushoto usiufunike wa kulia. Majirani, kinyume na hofu ya wazazi, hawakulalamika.

Somo lililofuata, baba alifika kuulizia tarehe ya mtihani. Alisimama mlangoni na koti lake mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha, akanyamaza kidogo, kisha akauliza tarehe. Mwalimu akamjibu kuwa ni muhula ujao, si huu.