Fundi wa Udongo

Dandora iligawanywa kwanza, ikajengwa baadaye. Katika miaka ya 1970 Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilipima viwanja elfu sita hivi, likavuta mabomba ya maji safi na ya majitaka, likaweka choo na bafu katika kila kiwanja, kisha likamwachia mwenyewe amalizie. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliobahatika. Tulihamia mwaka wa 1978 tukitoka chumba cha kupanga Mathare.

Mama alizaliwa mashambani Murang'a, na mjini hakuja kuacha jembe. Kabla ya kumwita fundi wa kujenga chumba cha pili alikuwa tayari amepanda terere, managu na kunde kati ya choo na ukuta. Kwa miaka michache tulikula mboga zetu. Halafu hesabu za ploti zikaanza: chumba kimoja zaidi ni kodi zaidi, na kodi ndiyo iliyotulipia karo. Chumba baada ya chumba, shamba likaisha. Kote Dandora mambo yalikwenda hivyo. Leo palipokuwa na nyumba za chini pamesimama magorofa, na kuna pembe zisizoona jua ila saa sita mchana.

Nilipomaliza shule nilibeba mawe ya mjengo, nikapata kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nikawa mmoja wa wale waliopewa barua za kuachishwa kazi langoni. Ndipo nikakodi mkokoteni. Alfajiri nilikuwa sokoni Marikiti nikiwapakilia akina mama mboga kabeji na ndizi. Jioni walinitilia shilingi kidogo juu ili niwaondolee maganda na majani yaliyochakaa. Niliyapeleka jaani kama kila mtu.

Jirani yetu, shosho mmoja wa Ukambani aliyefuga kuku nyuma ya nyumba, alinisimamisha siku moja akachungulia mzigo.

"Kijana wangu, hii unaipeleka wapi?"

"Jaani, shosho."

"Kwetu mtu akitupa samadi namna hii, tunamwombea. Mwaga hapa."

Nilimwaga. Kazi iliyonilisha mpaka leo ilianzia kwenye rundo lile.

Shosho hakuwa na maneno mengi. Tabaka la majani mabichi, tabaka la vitu vikavu, na mimi vumbi la mbao nililipata bure kwa maseremala. Juu yake mavi ya kuku na jivu kidogo, maji ya kulowesha, kisha gunia kuukuu la kufunika. Rundo lisipungue mita moja kila upande, la sivyo halipati moto. Kupima moto huo ninatumia kipande cha nondo nilichobaki nacho tangu enzi za mjengo. Nakichomeka mpaka katikati, nakiacha kwa muda wa kikombe cha chai, nakichomoa na kukishika. Kikiwa baridi, rundo limelala: limekosa maji au limekosa kijani. Kikinichoma nikakiachia, nimeridhika, kwa maana joto la nyuzi 55 kwenda juu huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Moto ukipungua nalipindua, la nje liingie ndani, nalo huwaka upya. Baada ya miezi mitatu hivi, au zaidi kidogo wakati wa baridi ya Julai, huwezi tena kujua ganda lilikuwa lipi na jani lilikuwa lipi. Mkononi unabaki na kitu cheusi, chenye unyevu, kinachonukia kama ardhi baada ya mvua.

Nikiwa na mboji, kilichobaki ni mahali pa kuitia, na mahali penyewe ni gunia. Ninakata mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia pande zote mbili, nausimamisha katikati ya gunia na kuujaza kokoto. Nauzungushia udongo uliochanganywa na mboji, sehemu mbili kwa moja, kisha nauvuta mkebe juu na kuanza tabaka jingine. Gunia likijaa, lina nguzo ya mawe ndani yake, na maji yakimiminwa juu hufika mpaka chini badala ya kuishia kwenye miche ya kwanza. Ubavuni natoboa matundu ya mshazari na kupandikiza sukuma wiki. Juu naweka spinachi au vitunguu vya majani. Gunia moja la kilo 90 huchukua miche 30 hadi 40, na nafasi linayokalia si kubwa kuliko kigoda. Mama wa watoto wanne akiwa na magunia matatu yanayopokezana, mboga ya jioni ameipunguzia gharama sana.

Hayo yote ni rahisi kuyafundisha. Kwetu Dandora, udongo ndio unaohitaji akili.

Jiji lilianza kumwaga taka zake hapa mwaka wa 1975, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, kabla hata watu hawajahamia mtaani. Mwaka wa 2001 jaa lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayajakoma. Watu wengi walikuwa wakichota udongo mweusi kando yake, kwa sababu ni wa bure na mmea unaupenda. Kisha mwaka wa 2007 UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao papa hapa Nairobi, ilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule, mikrogramu 10 kwa desilita. Katika baadhi ya sampuli za udongo, risasi ilikuwa karibu mara kumi ya ile ya udongo usiochafuliwa.

Risasi haiozi. Unaweza kuchoma rundo mpaka nondo iwe nyekundu, betri iliyovunjikia ndani yake itabaki pale pale. Kwa hiyo udongo wangu unatoka mbali: ule mwekundu unaochimbwa kwenye misingi ya majengo upande wa Kiambu, ambao wenye malori hutafuta mahali pa kuumwaga. Mboji yangu inatoka sokoni na jikoni tu. Magunia nayaweka mbali na barabara, na kila mteja namwambia aoshe majani kwa maji mengi, kwa kuwa vumbi linalotua juu ya jani lina madhara hata kama mzizi umekaa mahali safi. Anayetaka usalama zaidi namshauri apande nyanya na pilipili hoho, maana tunda hubeba risasi kidogo kuliko jani.

Miaka ile ya mwanzo kulima mjini kulikuwa kama kuiba. Sheria ndogo za jiji zilikataza kupanda kando ya barabara, na mwaka mmoja niliamka nikakuta mahindi tuliyopanda kando ya mtaro yamefyekwa yote, punje zikiwa bado na maziwa. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na angalau mtu aliweza kusimama kando ya gunia lake bila kuangalia nyuma.

Wakati huo huo vijana walikuwa wameanza kuzigeuza korti. Dandora ilichorwa ikiwa na nyua za pamoja katikati ya nyumba, lakini kwa miaka mingi zilikuwa za majitaka, magari mabovu na watu uliowaogopa ikishafika saa moja. Vikundi vilivyokuja kuungana katika Dandora Transformation League vilifagia, vikapaka rangi, vikaweka lango, vikatoza kila nyumba ada ndogo ya mwezi. Walikuja kuniita. Hapo nikajifunza kwamba gunia la mtu mmoja hulindwa na mlango wake, lakini bustani ya korti hulindwa na makubaliano: nani anachuma siku gani, nani anamwagilia, mbuzi wa nani asiingie. Korti zilizoyazungumza hayo kabla ya kupanda bado zina mboga. Zilizoanza na rangi na picha, sukuma ilikauka kabla ya rangi kubambuka.

Mwaka wa 2020, korona ilipofunga vibarua na wizara ya kilimo ikahimiza bustani milioni moja za nyumbani, simu yangu haikutulia. Wengi waliopiga walikuwa wanaume, wenzangu wa zamani wa viwandani. Tatizo lao kubwa lilikuwa maji. Maji ya bomba yetu huja kwa zamu, na mtungi wa lita 20 ukinunuliwa kwa mwenye mkokoteni hauendi kwenye spinachi. Nikawaonyesha kumwagilia maji ya kuoshea mchele na mboga, na yale ya kusuuzia nguo. Yale ya sabuni nzito hapana. Na waweke nyasi kavu juu ya gunia, jua lisinywe sehemu yao.

Sasa mgongo umechoka, na mkokoteni anausukuma kijana niliyemfundisha, mwenye wateja wake mwenyewe. Mimi napindua mboji, nauza miche niliyoiotesha kwenye pakiti za maziwa, na kwenda kuwapimia watu jua kwenye mapaa na baraza. Siku hizi naitwa hata Kilimani na Lavington. Huko wana nafasi kubwa kuliko korti yetu nzima, na wanauliza kwanza bei ya mboji.

Mimi nauliza ndoo. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza, maana yake shamba la Dandora huletwa na lori kila asubuhi. Linaletwa likiwa limechanganywa na betri, vioo na nepi, na hapo hakuna shosho wala nondo inayoweza kuliokoa. Sheria ya kitaifa ya taka ya mwaka wa 2022 inataka kila nyumba itenganishe vya kuoza na visivyooza, lakini sheria haiingii jikoni mwa mtu. Kwa hiyo sharti limekuwa langu: ndoo mbili, na mpishi wa nyumba awepo ninapoeleza. Ndoo ya maganda nitaichukua na kuirudisha ikiwa mboji. Asiyekubali, nauli ya kurudi Dandora ninayo.