Mgeni na Benki katika Mji wa Frankfurt

Katika miji ya Ujerumani hapana mji ujulikanao kwa mambo ya fedha kama Frankfurt, ulioko kandokando ya mto Main. Msafiri aingiaye kwa gari la moshi huyaona kwa mbali majumba marefu yamesimama kama minara. Mojawapo, jumba la benki iitwayo Commerzbank, lilimalizwa mwaka 1997 nalo lina urefu wa mita 259. Upande wa mashariki, mahali palipokuwa soko kuu la matunda na mboga, leo pana makao ya Benki Kuu ya Ulaya, isimamiayo fedha ya yuro.

Utajiri huu haukuanza jana. Mwaka 1240 Kaisari Friedrich wa Pili aliwapa hati ya ulinzi wafanya biashara waliokuwa wakisafiri kwenda kwenye gulio la Frankfurt. Watu walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja na sarafu ya kwao, hata mwaka 1585 wakakutana wakapatana juu ya viwango vya kubadilishia sarafu hizo. Hapo ndipo ulipopatikana msingi wa soko la hisa la mji huo. Basi Frankfurt imejengeka kwa biashara ya wageni, na hata leo wageni wamejaa katika njia zake.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwaeleza vijana wetu waendao Ujerumani kwa masomo au kwa kazi habari za kufungua hesabu ya benki, au akaunti kama wengi waiitavyo. Huko asiye na hesabu ni kama aliyefungwa mikono. Mshahara hupelekwa benki, na kodi ya nyumba na bima ya ugonjwa aghalabu hulipwa kutoka benki.

Mwanafunzi hukutana na jambo hili hata kabla ya kuondoka kwao. Ili apewe viza hutakiwa kuonyesha kuwa ana masurufu ya mwaka mzima, na njia itumiwayo sana ni kuweka fedha katika hesabu maalumu iliyofungiwa, asiweze kutoa ila kiasi kilichowekwa kwa kila mwezi. Mwaka 2024 kiwango hicho kilipandishwa kuwa yuro 11,904 kwa mwaka, yaani yuro 992 kwa mwezi. Lakini zile yuro za kila mwezi zahitaji mahali pa kuingia, nako ni kwenye hesabu yake ya kawaida.

Hapo ndipo lilipo fundo. Sheria humtaka kila ahamiaye katika nyumba ajiandikishe katika ofisi ya mji kabla ya kupita majuma mawili, naye huchukua barua ya mwenye nyumba yenye kushuhudia kuwa anakaa pale. Benki nyingi huitaka hati ya kujiandikisha huko pamoja na pasi ya kusafiria. Na wenye nyumba wengi nao hawapendi kumpangisha mtu asiye na hesabu ya benki. Basi kijana na ahakikishe mapema kuwa hapo atakapofikia, ijapokuwa ni kwa muda, mwenyewe yu radhi kumwandikia barua hiyo. Na jina lake liandikwe juu ya sanduku la barua la nyumba. Kwani kadi ya benki na namba yake ya siri huja kwa posta, kila kimoja katika bahasha yake, na tarishi asipoliona jina huzirudisha.

Tena ajue haki yake. Tangu Juni 2016 sheria ya Ujerumani humpa kila mtu akaaye kwa halali katika nchi za Umoja wa Ulaya haki ya kupata hesabu ya msingi, hata akiwa mkimbizi au hana makao maalumu. Benki yapaswa kumjibu katika siku kumi za kazi tangu kupokea ombi lililotimia. Na ikimkatalia, yapaswa kumweleza, naye aweza kuomba mamlaka ya serikali isimamiayo mabenki iliangalie jambo lake. Kwa hiyo akikataliwa asiondoke kwa unyonge. Na aombe majibu kwa maandishi.

Liko na jambo la dini. Benki nyingi humpa mteja ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya alizo nazo, na juu ya deni hilo hutoza riba. Kijana Mwislamu asikubali kwa kutojua: aseme tangu mwanzo kuwa haitaki ruhusa hiyo, na ayasome masharti kabla ya kutia sahihi. Katika mji huu huu wa Frankfurt ilianza kazi mwaka 2015 benki iitwayo KT Bank, ya kwanza Ujerumani kuendeshwa kwa kanuni za Kiislamu. Ni kampuni tanzu ya Kuveyt Türk ya Uturuki. Mwenye shaka na awaulize wanavyuoni.

La mwisho ndilo zito. Kuna watu huwaendea vijana wageni, hasa wenye dhiki, wakawaambia: “Fedha zitaingia katika hesabu yako, zitoe unipe, nawe ujichukulie fungu lako.” Fedha hizo aghalabu ni za wizi na udanganyifu. Sheria humshika mwenye hesabu, hata yule aliyezembea asiulize zilikotoka. Naye aweza kufungiwa hesabu, kushitakiwa, na kupoteza ruhusa ya kukaa nchini. Asimwazime mtu hesabu yake, awe rafiki au ndugu wa mji mmoja.

Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe kwa wenyewe amana za watu zilizokuwa kwake, na wengi katika watu wa mji ule walikuwa wakimfanyia uadui. Naye Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, madeni yaandikwe na yashuhudiwe. Basi mgeni asichukizwe na karatasi nyingi za benki, kwani kuandikiana si kudharauliana. Na alichunge jina lake lililomo humo, kwa maana nalo ni amana. Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio ugenini, na awape riziki ya halali. Amin.